Ni Nani Aliyebaki na Kondoo?

Sikukuu ya Noeli imekaribia, na katika kila nyumba ya Kikristo dalili zake zaonekana. Watoto wamekwisha kuanza kuulizia nguo mpya. Baba azihesabu fedha zake mara mbili, kisha azihesabu mara ya tatu, kana kwamba zitaongezeka kwa kuhesabiwa. Mama amenunua mchele mapema kabla bei haijapanda, na nyuma ya nyumba kuku wawili wa kienyeji wanalishwa vizuri kuliko siku zote, wasijue sababu yake. Katika vituo vya mabasi watu wamejaa na mizigo yao, wakienda Moshi, Bukoba, Songea na Iringa kuwaona wazee wao. Ni majira mema, wala si nia yetu kuyatia doa.

Walakini kuna swali moja ambalo hutujia kila mwaka siku hizi, nasi twaona si vyema kulinyamazia. Ni swali dogo kwa maneno, lakini mizizi yake yafika mbali.

Mtakatifu Luka, katika sura ya pili ya Injili yake, atusimulia kwamba habari ya kuzaliwa kwa Mwokozi haikupelekwa kwanza kwa wakuu wa Yerusalemu, wala kwa wageni waliokuwa wamepata mahali pa kulala Betlehemu. Ilipelekwa kwa wachungaji, watu ambao usiku ule walikuwa macho kondeni kwa sababu ya kazi. Wenzao walikuwa wamelala. Wao kazi iliwazuia kulala. Walipokwisha kusikia ujumbe wa malaika walishauriana, wakaenda upesi, wakamkuta Mtoto amelazwa horini pamoja na Maria na Yosefu. Kisha wakarudi wakimsifu Mungu.

Lakini Luka hatuambii jambo moja ambalo kila mtu aliyewahi kuchunga atalifikiria mara moja: kondoo waliachwa na nani? Mfugaji ajua kwamba kundi haliachwi peke yake usiku, maana fisi hana sikukuu. Pengine waliliacha katika ulinzi wa Mungu. Pengine walikwenda nalo. Pengine kijana mmoja, mdogo kuliko wote, aliambiwa: “Wewe baki hapa, tutakuja kukueleza.” Injili haisemi, wala si kazi yetu kuiongezea Injili. Twasema tu kwamba swali hilo, likiulizwa katika nyumba zetu wenyewe, lina jibu, na jibu lenyewe latuaibisha.

Maana kila sikukuu ina mtu anayebaki na kondoo. Asubuhi ya Noeli, wakati kanisa limejaa mpaka nje chini ya miti, yuko muuguzi katika wodi ya wazazi, akipokea watoto ambao hawakungoja sikukuu ipite. Yuko mlinzi langoni na tochi yake. Yuko dereva wa basi aliyeamka saa tisa usiku. Watu hao twawashukuru, nao kazi yao haina budi kufanywa. Tena kazi yao ina zamu: muuguzi aliyefanya kazi Noeli hii, yamkini mwaka ujao atapumzika, na mwenzake atashika nafasi yake. Mzigo ukizunguka hauvunji bega la mtu mmoja.

Yuko mwingine, hata hivyo, ambaye mzigo wake hauzunguki. Yumo ndani ya nyumba zetu. Wengine humwita binti wa kazi, wengine hausigeli, na wengi wetu humwita dada. Twamwita dada, na watoto wetu humwita dada, na wageni wakija humwita dada, hata baada ya miaka miwili majirani hawajui jina lake la ubatizo. Neno lenyewe ni zuri mno. Laiti tungelitimiza!

Mwandishi wa maneno haya hawezi kuwahukumu wengine kabla ya kujihukumu mwenyewe. Kwa hiyo naomba ruhusa niyasimulie yaliyotokea nyumbani kwangu. Jina la binti sitalitaja, kwa kuwa habari hii ni yake kama ilivyo yangu.

Alikuja kwetu mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akiletwa na shangazi yake. Alikuwa msichana wa maneno machache. Chumba chake kilikuwa kile tulichokuwa tukiweka magunia na baiskeli mbovu. Tulitoa baiskeli, magunia yakabaki. Ukutani alipigilia msumari mmoja, akatundika rozari yake. Mshahara wake tulimlipa kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa, nami nilijiona kuwa mtu wa haki, maana nilifahamu nyumba ambazo mshahara wa Machi hulipwa Juni, nao ukiwa umekatwa thamani ya kikombe kilichovunjika.

Noeli ya mwaka 2022 iliangukia siku ya Jumapili. Tulikwenda Misa ya saa tatu, mimi na mke wangu na watoto watatu, wote wamevaa nguo mpya. Tuliporudi, nyumba nzima ilinukia pilau. Binti alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa amewachinjisha na kuwanyonyoa kuku, amechambua mchele, amekuna nazi, amemenya vitunguu saumu na tangawizi na kuvitwanga, amewasha jiko la mkaa kwa sababu gesi peke yake haikutosha kwa sufuria ile kubwa. Wageni walikuja kumi na wawili. Walikula, wakasifu, wakasema mke wangu ana mkono wa pilau. Mke wangu aliitikia kwa tabasamu. Mimi nami sikusema neno.

Alasiri, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ametutembelea, alikwenda jikoni kuomba maji ya kunywa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Binti alikuwa juu ya kigoda, sahani mapajani, akila ukoko na kipande cha shingo. Ilikuwa yapata saa kumi. Bibi akamwuliza, kama wazee wanavyouliza bila kukusudia neno lolote:

“Dada, wewe umesali Misa gani leo?”

“Sijasali, bibi.”

“Basi utakwenda ya jioni.”

“Jioni kuna vyombo, bibi.”

“Na mwaka jana je?”

“Mwaka jana pia sikusali. Tangu nije huku, Noeli bado sijasali.”

Bibi alikunywa maji yake, akashukuru, akarudi sebuleni. Hakuniambia kitu, wala sidhani kwamba alikusudia kunifundisha. Lakini mimi nilibaki pale mlangoni. Sebuleni, juu ya meza ndogo, lilikuwako pango tulilolitengeneza na watoto, lenye Mtoto Yesu wa udongo na majani makavu na taa za rangi. Na hatua kumi tu kutoka pangoni alikuwako Mkristo mbatizwa ambaye kwa miaka mitatu hakupokea Ekaristi siku ya kuzaliwa kwa Bwana, naye alizuiwa na mtu aliyelitengeneza pango hilo.

Tangu siku ile nimejiuliza: tunamdai nini, naye anatudai nini? Nimeulizana na wengine pia, nami nimesikia majibu yanayotolewa katika nyumba zetu. Si majibu ya watu wabaya. Yafaa tuyapime moja moja kwa heshima.

Jibu la kwanza ni hili: “Tunamlipa.” Ni jibu lenye ukweli ndani yake, maana wapo wasiolipa. Lakini halitoshi. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano baina ya tajiri na mfanyakazi hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Mtu akikubali masharti magumu kwa kuwa njaa inamsukuma, kukubali kwake si hiari kamili, na mwenye kumtumia kwa masharti hayo amemdhulumu. Binti aliyetoka kijijini akiwa na mfuko mmoja wa nguo, akafikia nyumba ya watu asiowajua katika mji asioujua, atakataa sharti gani? Kunyamaza kwake tusikuite mkataba.

Wala si Kanisa peke yake lisemalo hivyo. Sheria ya nchi yetu, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila juma na likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, na yaagiza kwamba kazi ya siku ya sikukuu ya taifa ilipwe mara mbili. Sheria haisemi kwamba jikoni si mahali pa kazi. Tena mwaka 2011, katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Geneva, ulipitishwa mkataba wa 189 unaohusu watumishi wa nyumbani, nao wataja pumziko hilohilo la saa 24 kwa juma. Nilipoyasoma hayo nilichukua kalamu, nikapiga hesabu ya siku ambazo binti wetu alipumzika katika miaka mitatu. Hesabu haikuchukua muda mrefu.

Jibu la pili ni hili: “Yeye mwenyewe hapendi kukaa nasi mezani, huona haya.” Hili nalo ni kweli mara nyingi. Ukimwita ghafula siku ya sikukuu, mbele ya wageni kumi na wawili, aje aketi kwenye kiti cha sebuleni, atatamani ardhi impasukie. Lakini haya hizo alizaliwa nazo? Kwao alikula sinia moja na ndugu zake, akacheka, akagombania mnofu kama watoto wote. Haya hizo alijifunza kwetu, siku baada ya siku, kwa sahani iliyotengwa, kwa kikombe chake cha peke yake, kwa mazungumzo yaliyokatika kila alipoingia. Si haki kumfundisha mtu haya, kisha kuzitumia haya zake kuwa sababu. Asiyezoea kuitwa haitikii mwito wa siku moja. Yampasa aitwe siku za kawaida, wakati wa ugali na mchicha, ndipo siku ya pilau asiwe mgeni.

Jibu la tatu ni hili: “Kwetu ana nafuu kuliko kwao. Tumemsaidia.” Wengi wetu twalisema kwa moyo mweupe. Lakini yatupasa tukumbuke jambo moja. Katika Agano la Kale, Mungu alipoamuru pumziko la Sabato, hakuwaamuru wenye nyumba peke yao wapumzike. Aliwataja waziwazi mtumishi wa kiume na mtumishi wa kike, apumzike yeye kama bwana wake. Na katika Kumbukumbu la Torati aliitoa sababu: Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Pumziko la mtumishi, basi, halikuwekwa juu ya huruma ya bwana wake, bali juu ya kumbukumbu yake.

Sisi nasi tuna kumbukumbu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Bagamoyo, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misioni yao mwaka 1868, paliishi watu waliokombolewa kutoka utumwani. Utumwa ulipigwa marufuku kabisa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Si mambo ya kale sana. Wapo wazee ambao babu zao waliyaona. Hatusemi kwamba dada wa kazi ni mtumwa, la hasha. Mtumwa hakulipwa wala hakuweza kuondoka. Twasema tu kwamba watu wenye kumbukumbu kama yetu wangepaswa kuwa wa kwanza kuhofu wanapomwona mtu ndani ya nyumba yao ambaye muda wake wote si wake.

Jibu la nne ndilo gumu kuliko yote, nalo husemwa na akina mama: “Basi nani atafanya kazi?” Sitalipita upesi. Mama aliye mwalimu au muuguzi, mwenye watoto wadogo wawili na mama mzee mgonjwa kitandani, hamtumii binti kwa ajili ya fahari. Bila binti yule, ama aache kazi, ama mgonjwa akose maji. Tena mara nyingi mama mwenyewe naye halali, naye hula mwisho, na Noeli yake huishia jikoni vilevile. Wanaume tunaoandika makala juu ya haki, na tuone haya kidogo, kwa maana mara nyingi sisi ndio tuliomwachia mama mzigo, naye mama akamwachia binti, na binti hana wa kumwachia. Mzigo huteremka hadi kwa asiyeweza kukataa. Hapo ndipo usipoendelea kushuka, na hapo ndipo tumezoea kuuacha.

Kwa hiyo swali la haki katika nyumba halihusu mama na binti peke yao. Lahusu baba na wana wa kiume pia. Kazi ikiwa nyingi kupita nguvu za mmoja, dawa yake si kumtafuta aliye mnyonge zaidi, bali ni kuigawanya.

Nami naomba tufikiri juu ya watoto, maana wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi huwafundisha katekisimu, huwapeleka Misa, huwaonyesha pango. Lakini mtoto wa miaka saba aketiye kitini na kumwagiza mtu mzima, “Dada, niletee maji,” wakati mtungi uko hatua tatu mbele yake, naye amefundishwa katekisimu nyingine. Amejifunza kwamba watu ni wa namna mbili. Somo hilo halitafutwa na mahubiri ya kila Jumapili, kwa sababu alilipokea nyumbani, kila siku, kutoka kwa watu anaowapenda.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza pango la Noeli huko Greccio, katika Italia, mwaka 1223. Hakuweka sanamu za thamani. Alitaka hori la kweli lenye majani makavu, ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa hapohapo mbele ya watu wa mahali pale waliokuja usiku na mienge yao. Alitaka watu waone kwa macho yao umaskini aliouchagua Mungu. Na tarehe 1 Desemba mwaka 2019, marehemu Papa Fransisko alikwenda Greccio, akatia sahihi barua juu ya maana ya pango. Ndani yake aliusifu mtindo wa watu wa kuweka pangoni, pamoja na wachungaji, sanamu za watu wa kazi za kila siku: mhunzi, mwoka mikate, wanawake wachukuao mitungi ya maji. Papa hakuwaona watu hao kuwa wavamizi katika pango. Utakatifu wa kila siku una nafasi hapo.

Basi nyumbani kwangu tulikuwa na pango lisilo na mwanamke mwenye mtungi, na mwanamke mwenye mtungi alikuwa nje ya pango.

Mwaka 2023, ilipotimia miaka 800 ya pango la Greccio, mimi na mke wangu tuliamua. Mwanzoni mwa Desemba tulimwambia binti kwamba atakwenda kwao kwa likizo, na kwamba mshahara wake wa mwezi ataupata kamili, pamoja na nauli ya kwenda na ya kurudi. Alituuliza kosa lake ni nini. Alidhani tunamfukuza. Neno hilo lilituchoma kuliko lawama yoyote, kwa kuwa lilionyesha jinsi tulivyomzoeza. Tarehe 20 nilimsindikiza kituoni. Alikuwa amewanunulia wadogo zake viatu vya plastiki jozi tatu, na mama yake kanga.

Noeli ile kwetu haikuwa ya kusimuliwa kwa majivuno. Tulikwenda Misa ya mkesha ili asubuhi tupike. Mwanangu wa kwanza, kijana wa miaka kumi na minne, alinyonyoa kuku kwa mara ya kwanza maishani mwake, naye alinung'unika tangu unyoya wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi nilipewa vitunguu, nikalia machozi mbele ya watoto wangu. Pilau ilipata maji kupita kiasi, ikawa bokoboko. Wageni walikula saa tisa, na safari hii hakuna aliyesifu mkono wa mtu. Usiku, vyombo vilipokwisha kuoshwa, mke wangu alikaa juu ya kigoda kilekile, akasema: “Nilikuwa nikidhani anakula mwisho kwa kuwa hana njaa. Kumbe mpishi hushibishwa na moshi.” Hatukuzungumza zaidi, tulikuwa tumechoka mno.

Januari ilifika, binti hakurudi. Tulingoja juma moja, kisha la pili. Ndipo alipopiga simu. Alisema kwa sauti ya woga kwamba amepata mahali pa kujifunza ushonaji karibu na kwao, na fedha alizoweka akiba kwetu zatosha ada ya mwanzo. Alitushukuru, akaomba tusimkasirikie. Majirani waliposikia walitucheka. “Tuliwaambia,” walisema. “Mmefungua tundu wenyewe, na ndege ameruka.”

Nakiri kwamba siku zile tulitaabika. Mke wangu aliomba ruhusa kazini mara tatu kwa ajili ya mtoto mdogo, na mara moja nilijikuta nikiwaza kwamba majirani wana haki. Lakini neno lao lenyewe halikuniacha. Wao walisema tundu. Kumbe wote tulijua! Hakuna anayemwambia jirani yake kwamba amefungua tundu ikiwa ndani mlikuwa na dada yake.

Yako maneno ya wahenga: tenda wema, nenda zako, usingoje shukrani. Kwa muda nilijifariji nayo. Baadaye niliona kwamba hata hayo yalinipa sifa nisiyostahili, maana nilichotenda hakikuwa wema. Likizo ilikuwa yake. Mshahara ulikuwa wake. Misa ya Noeli ilikuwa yake tangu alipobatizwa. Anayelipa deni hangoji zawadi, wala haulizi mdai atazitumiaje fedha zake. Wahenga haohao walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kulipa na kupata faida. Tukitenda haki kwa sharti kwamba mtu aendelee kututumikia, hiyo si haki. Ni njia nyingine ya kumfunga.

Sasa anatusaidia mama mmoja mtu mzima, ambaye huja asubuhi na kurudi kwake jioni, na Jumapili ni yake. Kazi nyingine tumegawana. Hatujawa watakatifu, mwanangu angali akinung'unika, nami kalamu yangu ingali nyepesi kuliko mwiko. Lakini watoto hawamwagizi mtu maji tena.

Wasomaji wapendwa, hatumwambii kila mtu afanye kama tulivyofanya sisi. Nyumba hazifanani. Iko nyumba ambayo mgonjwa wake hawezi kuachwa hata saa moja, na binti wa kazi lazima awepo. Basi katika nyumba hiyo iwepo zamu. Parokia nyingi zina Misa ya mkesha, na Misa ya asubuhi zaidi ya moja: dada aende ya kwanza, baba abaki na mgonjwa, kisha baba aende ya pili. Akifanya kazi siku ya sikukuu, alipwe kama sheria inavyosema, na apewe siku nyingine ya kupumzika. Wageni wakisifu pilau, waambiwe jina la aliyeipika. Mama yake akipiga simu kutoka kijijini, asijibiwe kwamba binti ana kazi. Apewe simu, akae chini, azungumze mpaka amalize. Na nguo mpya zikinunuliwa, mwenye nyumba ajiulize kama amewahesabu wote walalao chini ya paa lake.

Haya ni mambo madogo. Lakini Noeli nayo ilianza kwa jambo dogo: mama mja mzito alihitaji mahali, na watu waliokuwa na mahali walikuwa na shughuli nyingi. Hatusomi kwamba walikuwa watu wabaya. Nyumba zao zilijaa, mikono yao ilikuwa kazini, na yamkini walikuwa na wageni wao wenyewe wa kuwahudumia.

Asubuhi ya tarehe 25, kabla ya kufunga mlango na kwenda kanisani, yatupasa sote tugeuke nyuma mara moja tuangalie ni nani aliyebaki na kondoo. Tukimwona, tumwulize lini zamu yake itakwisha. Na ikiwa hakuna aliyepangwa kumpokea, basi tuvue koti letu jipya, tulitundike kwenye msumari, tumwambie: “Nenda wewe. Leo nitabaki mimi.”

Twawatakia wasomaji wetu wote, wa mijini na wa mashambani, na wote wanaowahudumia, Noeli njema yenye amani.